Kaka alisema saa tatu, mahakama ikasikia saa tisa

Shikamoo Mzee,

Nakuandikia kutoka Dayton, Ohio. Sisi asili yetu ni Fizi, Kongo, lakini mimi na kaka yangu tumezaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, Kigoma, na tulifika Marekani mwaka 2017. Kaka ana miaka ishirini na saba. Yuko gereza la jimbo, amehukumiwa miaka tisa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kwenye kituo cha mafuta.

Tukio lilikuwa saa tatu na nusu usiku. Kaka alikuwa zamu ya usiku ghalani, na kadi yake ya kazi inaonyesha aligonga saa tatu na robo. Polisi walipomhoji, mkalimani alikuwa kwenye simu. Wakamuuliza ameingia kazini saa ngapi, naye akajibu, "Saa tatu na robo usiku." Mkalimani akawaambia tatu na robo ya Kizungu, yaani saa tisa na robo yetu, alfajiri. Basi kwenye kesi mwendesha mashtaka akasimama mbele ya juri akasema huyu mwenyewe alikubali kuwa aliingia kazini alfajiri, kadi aligongewa na rafiki. Msimamizi wa zamu, Mmarekani, alikuwa tayari kuja kusema alimwona kwa macho yake. Kaka alimpa wakili jina na namba yake ya simu. Wakili hakumwita.

Rufaa ya kwanza tulishindwa, na Mahakama ya Juu ya Ohio ikakataa kuisikiliza Machi mwaka huu wa 2025. Kabla ya hapo, mwezi Januari, kaka alikuwa ameandika ombi lingine kwa mkono wake mwenyewe, bila wakili, kwa mahakama iliyomhukumu. Aliambatanisha kiapo cha yule msimamizi. Jaji akalikataa. Akakata rufaa, na tarehe 24 Oktoba mahakama ya rufaa nayo ikakataa. Wanasema kutomwita shahidi ulikuwa mkakati wa wakili.

Sasa kuna mzee mmoja Mmarekani analala naye chumba kimoja, amekaa humo zaidi ya miaka ishirini. Anamwambia kaka, jimbo limekwisha, nenda moja kwa moja mahakama ya shirikisho na habeas corpus, lile ombi la kumtaka jaji aangalie kama kifungo ni halali, una mwaka mmoja tu. Hapa nje kuna mtu wa jamii yetu anajiita mwanasheria, anataka dola 3,500 aandike hilo ombi. Mama ameshaanza kusema tuuze gari. Mimi Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha kaka, nafanya kazi ya kutunza wazee. Je, naweza kuliandika mwenyewe na kutia saini kwa niaba yake? Tukichelewa, mahakama itatuelewa kwa sababu ya lugha? Na Mzee, niambie ukweli, kuna faida?

Ni mimi mdogo wake, Dayton.

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nianze na tarehe. Kanuni za Ohio zinampa kaka yako siku 45 tangu tarehe 24 Oktoba kupeleka shauri hili Mahakama ya Juu ya jimbo. Siku ya 45 ni Jumatatu, tarehe 8 Desemba. Ninapoandika ni tarehe 14 Novemba, kwa hiyo zimebaki siku 24, na katikati yake kuna sikukuu ya Thanksgiving, tarehe 27 Novemba, ambapo posta ya gereza hutembea kama kinyonga.

Huyo mzee wa chumbani ana nia njema, na habari ya mwaka mmoja ni kweli. Ila jimbo halijakwisha. Mahakama ya shirikisho haimsikilizi mfungwa wa jimbo mpaka hoja yake iwe imepanda ngazi zote za jimbo, hata ile ya juu kabisa ambayo ina hiari ya kukataa kuisikiliza. Mfungwa mmoja wa Illinois alipokwenda mahakama ya juu ya jimbo lake aliacha nje baadhi ya hoja zake. Baadaye akazipeleka shirikisho, na mwaka 1999, katika kesi ya O'Sullivan dhidi ya Boerckel, akaambiwa amezipoteza. Muda wa jimbo ulikuwa umepita, na shirikisho hawapokei kilichorukishwa ngazi. Kaka yako akimfuata jirani yake leo, atafikia hapo hapo. Mahakama ya Juu ya Ohio ilikataa rufaa ya kwanza, hilo sawa, lakini hoja ya msimamizi kutoitwa haikuwa humo. Ilizaliwa kwenye lile ombi la Januari, na bado haijafika juu.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni karatasi za Mahakama ya Juu ya Ohio: taarifa ya rufaa, maelezo ya kwa nini mahakama ikubali kulisikiliza shauri (mwisho kurasa 15), nakala ya uamuzi wa 24 Oktoba, na kiapo cha kutokuwa na uwezo ili asilipe ada ya dola 100. Na hapa sikiliza vizuri, maana ndipo wengi wanapoangukia: Ohio haihesabu siku aliyomkabidhi askari bahasha. Inahesabu siku karani alipoipokea. Bahasha iliyotoka gerezani tarehe 5 na kufika tarehe 9 imechelewa, basi, hakuna huruma. Karatasi ziondoke gerezani kabla ya Thanksgiving. Kama anaweza kukutumia wewe zikiwa zimeshatiwa saini, dirisha la karani liko Columbus, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwako, na utapigiwa muhuri ukiwa umesimama pale.

Sasa hiyo saa tatu.

Nilifanya ukalimani wa mahakama miaka kumi na tisa. Si mwanasheria, na haya ninayokuambia ni ya mtu aliyekaa pembeni ya meza akiwatazama wanasheria. Lakini hilo la saa ni la kwangu, na liliniuma. Mtu wa Kigoma akisema saa tatu usiku, mkalimani anayejua kazi hatamki tatu. Anatamka tisa ya Kizungu. Tena akiwa mwangalifu anaomba ruhusa kwanza amuulize msemaji anahesabu saa zipi, kwa sababu Wakongo wengine waliosomea Kifaransa huhesabu kwa Kizungu hata wanapoongea Kiswahili, na jina la Fizi kwenye faili lingeweza kumchanganya yeyote. Swali moja tu, la sekunde tano. Halikuulizwa, na kijana akaonekana mwongo mbele ya watu kumi na wawili.

Hasira yangu hiyo haina kazi mbele ya jaji wa shirikisho. Ukimwandikia kwamba mkalimani alikosea, atakujibu kwamba yeye hayupo pale kusahihisha makosa yote ya kesi ya jimbo. Kazi yake ni moja: kuangalia kama kifungo hiki kinavunja Katiba au sheria za Marekani. Wengi wetu tunaijua habeas corpus ya Nairobi, ile ya ndugu aliyechukuliwa usiku na hajulikani alipo, wakili anakimbilia Mahakama Kuu ili aletwe akiwa hai. Ya mfungwa wa jimbo huku Marekani ni mnyama mwingine. Alipo kaka yako panajulikana na hukumu yake ipo. Kinachoulizwa ni kama njia iliyomfikisha pale iliivunja Katiba.

Njia ambayo kaka yako anaweza kuionyesha inapita kwa wakili. Marekebisho ya Sita ya Katiba yanampa mshtakiwa haki ya wakili anayefanya kazi yake, na kesi ya Strickland dhidi ya Washington, ya mwaka 1984, inataka vitu viwili: wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kama angeifanya ipasavyo, upo uwezekano wa maana kwamba matokeo yangekuwa mengine. Msimamizi anaingia hapo moja kwa moja. Angewaeleza juri kuhusu kadi, angewaambia zamu inaanza saa ngapi, na ile saa tisa ya alfajiri ya polisi ingeonekana ilivyo, upuuzi.

Barua zake zilizopita sijaziona, lakini nimesoma nyingi za wafungwa. Kurasa thelathini, nusu yake uso wa jaji ulivyokuwa, robo yake chakula cha gerezani. Mwambie aandike hivi: "Kabla ya kesi nilimpa wakili wangu jina na namba ya simu ya msimamizi wa zamu. Msimamizi alikuwa tayari kutoa ushahidi kwamba aliniona ghalani saa tatu na nusu usiku, wakati tukio likitokea. Wakili hakumpigia wala hakumwita. Hii ni kinyume cha haki yangu chini ya Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani." Sentensi nne. Wewe ukiziweka kwa Kiingereza, andika saa za Kizungu, tisa na nusu usiku, tusirudie kosa lile lile.

Hiyo sentensi ya mwisho isikosekane, na iwepo kuanzia jimbo. Itazame nakala ya ombi la Januari na ya rufaa yake. Kama alitaja Katiba ya Marekani, au Marekebisho ya Sita, au hata kesi ya Strickland, vizuri. Kama aliandika tu kwamba wakili alikuwa mbaya, mwanasheria wa serikali atasema jimbo halikuwahi kuulizwa swali la Katiba. Hapo pana ubishi mrefu, ila afadhali kuujua mapema.

Jambo lingine la kutazama ni faili. Tangu kesi ya Cullen dhidi ya Pinholster, mwaka 2011, jaji wa shirikisho akipitia hoja ambayo jimbo lilishaiamua, anatazama ushahidi uliokuwa mbele ya jimbo tu. Kiapo cha msimamizi kilishaingia Januari, kwa hiyo kinasafiri na kaka yako. Tafsiri mpya ya ile rekodi ya polisi, ambayo najua ungependa nikufanyie, imechelewa kuwa ushahidi. Ndiyo maana nataka upekue mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa, utafute mahali popote ambapo mtu yeyote, wakili, kaka, hata mwendesha mashtaka, alitaja kwamba Waswahili wanahesabu saa tofauti. Mstari mmoja ukiwemo humo, una thamani kuliko kurasa kumi zangu.

Kuhusu mwaka mmoja. Uliwekwa na sheria ya 1996 ambayo Bill Clinton alitia saini mwaka mmoja baada ya bomu la Oklahoma City. Walikuwa wanawawaza magaidi, ikaja kuwabana wezi wa kuku. Kwa kawaida mwaka huanza rufaa ya kwanza inapokwisha kabisa, pamoja na siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani. Kwa kaka yako siku hizo ziliishia Juni. Lakini ombi la Januari lilikuwa bado linasubiri, na ombi la jimbo lililowasilishwa kwa wakati husimamisha saa. Kwa hiyo, kwa jinsi ulivyonieleza, hajatumia hata siku moja. Saa itaanza siku Mahakama ya Juu ya Ohio itakapomaliza naye. Tuseme wamkatalie tarehe 10 Machi 2026: siku yake ya mwisho shirikisho itakuwa tarehe 10 Machi 2027. Safari hii hakuna siku 90 za nyongeza, na mzee wa chumbani anaweza kumwambia zipo. Pia akiwahi kupeleka shirikisho na kurudishwa, muda wa kukaa huko hausimamishi kitu.

Nilimkalimania kijana mmoja ambaye karatasi zake zilipita mwaka kwa siku tisa. Siku tisa! Tulikaa kwenye chumba cha video dakika kumi na moja, na hakuna aliyegusa kilichotokea kwenye kesi yake.

Umeuliza kama mahakama itaelewa habari ya lugha. Usitegemee hilo. Muda unaweza kuongezwa kwa mtu aliyefanya bidii na akazuiwa na jambo lisilo la kawaida. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2010 katika kesi ya Holland dhidi ya Florida. Lakini Ohio iko chini ya Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Sita, na hao mwaka 2002, katika kesi ya Cobas dhidi ya Burgess, walikataa kwamba kutojua Kiingereza peke yake ni sababu. Walisema mtu mwenye wa kumtafsiria anaweza kuwahi. Na kaka yako ana wewe.

Ombi la shirikisho lenyewe halina miujiza. Fomu hutolewa bure na karani wa mahakama ya shirikisho, na kwa mtu aliyehukumiwa huko kwenu ni Wilaya ya Kusini ya Ohio, yenye jengo hapo hapo Dayton. Ada ni dola 5, naye anaweza kuomba asamehewe akiambatanisha taarifa ya akaunti yake ya gerezani. Anayeshtakiwa ni mkuu wa gereza anakokaa, kwa hiyo akihamishwa aiarifu mahakama. Aweke hoja zake zote kwenye ombi hilo hilo, kwa sababu la pili haliruhusiwi mpaka hiyo Mahakama ya Rufaa ya shirikisho itoe kibali, na kibali hicho ni adimu. Huku shirikisho ndiko ile kanuni ya bahasha inamlinda: tangu Houston dhidi ya Lack, mwaka 1988, siku anayomkabidhi askari ndiyo siku aliyowasilisha. Atumie utaratibu wa barua za kisheria wa gereza na aandike tamko la tarehe aliyokabidhi. Baada ya hapo ni kusubiri, mara nyingi sana, na kila karatasi ikirudi asome ina siku ngapi: kupinga mapendekezo ya jaji msaidizi ni 14, taarifa ya rufaa ni 30.

Saini ni yake. Wewe chapa, tafsiri, panga kurasa, nunua bahasha, yote hayo ruksa. Kusimama badala yake mahakamani bila leseni huwezi, hata kama ni kaka yako wa damu. Ndani pia anaruhusiwa kusaidiwa na wafungwa wenzake. Hilo lilitetewa tangu 1969 katika kesi ya Johnson dhidi ya Avery, kwa hiyo mzee wa chumbani asifukuzwe, apewe tu kesi hizi nilizozitaja akazisome maktaba.

Huyo wa dola 3,500, mtafute jina lake kwenye orodha ya mawakili iliyo kwenye tovuti ya Mahakama ya Juu ya Ohio. Inachukua dakika mbili. Asipokuwemo, si wakili wa Ohio, hata avae tai ya namna gani kanisani. Akiwemo, muulize ameshaandika maombi mangapi ya namna hii na atafanya nini kabla ya tarehe 8 Desemba. Wakati huo huo kaka awaandikie Ofisi ya Mtetezi wa Umma ya Ohio, na Ohio Innocence Project iliyoko Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambao hushughulikia watu wasio na hatia. Wana foleni ndefu, kwa hiyo awaandikie na aendelee na karatasi zake kama vile hakuna atakayejibu. Wakili wa kulipiwa na serikali kwa habeas si haki yake. Jaji anaweza kumpa akiona inafaa, na lazima ampe akiamuru usikilizwaji wa ushahidi.

Ukweli ulioniomba ni huu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2007 kuhusu maombi haya, ukiacha kesi za hukumu ya kifo, ulikuta yanayokubaliwa hayafiki hata 1 kati ya 100. Haitoshi kumwonyesha jaji kwamba mahakama ya Ohio ilikosea. Lazima ionekane ilikosea kupita mipaka ya busara, na neno "mkakati" ni ngao nene. Ila mkakati ni wa mtu aliyempigia shahidi simu, akamsikiliza, kisha akaamua kumwacha. Wakili ambaye hakupiga simu alichagua kati ya nini na nini? Ningekuwa kaka yako, kurasa zangu 15 ningezijenga juu ya swali hilo. Kwa hiyo ndiyo, ningeandika. Nisingeuza gari.

Akikupigia Jumapili, kabla simu haijakatika, muulize mambo mawili: kama nakala ya uamuzi wa 24 Oktoba anayo mkononi, na kama kiapo cha msimamizi kinasema wazi kwamba wakili hakuwahi kumpigia simu.